Majina Kwenye Jalada

Ukitaka kuijua historia ya familia ya Zawose wa Bagamoyo bila kufungua kitabu, soma majalada ya albamu zao. Mwaka 1985, kampuni ndogo ya Uingereza iitwayo Triple Earth ilitoa Tanzania Yetu, na wanamuziki wakatambulishwa kwa pamoja kama mabingwa wa muziki wa Tanzania. Mwaka 1996 ikaja Chibite, na juu yake jina moja: Hukwe Zawose. Mwaka 2002 ikaja Assembly, majina mawili: Hukwe Zawose na Michael Brook. Mwaka 2017 ikatoka Uhamiaji, na hapo jina ni la mtoto wa Hukwe, Msafiri Zawose. Halafu mwaka 2024 ikatoka Maisha. Kwenye jalada wanaitwa The Zawose Queens, na hao malkia ni wawili: Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake.

Hesabu mwenyewe. Imechukua karibu miaka 40 toka jalada la kwanza mpaka mwanamke wa nyumba hiyo aandikwe mbele.

Nimekuwa nikiisikiliza Maisha kwa miezi kadhaa hapa Kona ya Musa, mara kwenye simu, mara kwenye spika ya jirani anapokubali kunipa zamu. Ni muziki mtamu, na nitaueleza. Lakini kilichonifanya niandike ni ile hadithi inayouzwa nayo, ambayo ni fupi na nzuri mno: eti hapo zamani wanawake wa Kigogo walinyamazishwa, na sasa hatimaye wameimba. Kusema ukweli, siiamini yote. Wanawake hawa waliimba muda wote huo. Tatizo lilikuwa nani anatajwa, na hilo si tatizo la Wagogo peke yao. Hata sisi huku Kwale linatuhusu, tena sana.

Tuanze mbali kidogo. Ugogo ni nchi kavu ya katikati ya Tanzania, huko Dodoma: ng'ombe, uwele, mtama, mvua chache. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka bara kuelekea pwani ilikuwa lazima ipite hapo, na Wagogo hawakuwa watu wa kupitwa bure. Walidai hongo kwanza: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Wazungu wasafiri wamejaza kurasa wakilalamikia hongo ya Ugogo. Msafara ukishamaliza kulipa, uliendelea mpaka baharini, na mwisho wa safari ulikuwa Bagamoyo. Kwa hiyo njia ya kutoka Ugogo kwenda Bagamoyo ni ya kale kuliko Tanzania yenyewe. Familia ya Zawose iliipita njia hiyohiyo baadaye, wao wakiwa na ala za muziki.

Na ala zenyewe si za mchezo. Kuna zeze, fidla ya kibuyu inayopigwa kwa upinde. Kuna ilimba, ambayo wengine mnaijua kama marimba ya vidole, ila ile ya Wagogo inaweza kuwa sanduku kubwa lenye vipande vya chuma vingi ajabu. Vingine vinapigwa, vingine viko pale vitetemeke tu wenzao wakiguswa. Kwenye sanduku hutobolewa matundu yanayozibwa na utando wa buibui, ndiyo maana sauti inatoka na mvumo kama wa nyuki. Na juu ya hayo kuna uimbaji wa sauti nyingi kwa pamoja, kila mtu na njia yake, zinakutana na kuachana. Wataalamu wa muziki wamewafuata Wagogo kwa miaka kwa sababu ya uimbaji huo. Hakuna aliyewafundisha kwaya. Walikuwa nayo.

Sasa, mwaka 1962, Julius Nyerere alipokuwa rais wa Tanganyika, aliunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba waliosoma walikuwa wamefundishwa kuona ngoma za kwao ni ushamba, wakajua kucheza rumba na chachacha lakini hawakuwahi hata kusikia majina ya ngoma za makabila yao. Serikali ikaanza kuwakusanya wasanii wa ngoma toka mikoani kuwaleta Dar es Salaam. Hukwe Zawose, kijana wa Kigogo mwenye sauti inayoruka toka chini kabisa mpaka juu kama ya mtoto, alikuwa mmoja wa walioitwa na Nyerere katika miaka hiyo ya 60. Kikundi cha taifa cha ngoma kilipovunjwa, kazi yake ilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Siku hizi kinaitwa TaSUBa. Hukwe akafanya makao Bagamoyo, familia ikakua pale, watoto wakazaliwa na kulelewa kandokando ya bahari wakiimba nyimbo za nchi isiyo na bahari.

Hapo ndipo Pendo na Leah wanatokea. Tukisema muziki wao ni "wa asili", tukumbuke asili hiyo ina anwani mbili. Nyimbo ni za Dodoma, lakini nyumba ni ya Bagamoyo, na katikati yake kuna mkono wa serikali uliosema ngoma ya kijijini sasa ni ya taifa.

Serikali ilipoishiwa pesa, soko la nje likaingia. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London, kutafuta jina la kuandika kwenye rafu za maduka ili wateja wapate muziki wa Afrika, Asia na kwingineko bila kuhangaika. Jina walilochagua ni "world music", muziki wa dunia, kana kwamba wao wanaishi sayari nyingine. Peter Gabriel, yule mwimbaji Mwingereza, alikuwa tayari ameanzisha tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikazaliwa kampuni ya Real World, yenye studio kijijini huko Wiltshire. Hukwe aliingia kwenye mkondo huo. Akapanda majukwaa ya WOMAD, akarekodi Chibite, na mara nyingi aliyekuwa pembeni yake ni mpwa wake, Charles Zawose. Mjomba na mpwa, mazeze mawili, sauti mbili. Ukisikiliza rekodi zao unaelewa kwamba muziki wa watu wawili ni kitu ambacho familia hii inakijua zamani.

Assembly ya 2002 ilikuwa jaribio la aina nyingine. Michael Brook ni prodyuza na mpiga gitaa toka Kanada, ndiye aliyefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan kwenye Mustt Mustt. Alichukua sauti na ala za Hukwe akazizungushia magitaa na mashine. Wengine waliipenda, wengine waliona mzee amefunikwa. Mimi naisikia kama mazungumzo ambayo mmoja anaongea zaidi. Hata hivyo mwaka huohuo Hukwe na Charles walizunguka na Peter Gabriel wakifungua maonyesho yake kwenye kumbi kubwa za Marekani. Desemba 2003 Hukwe akafariki Bagamoyo. Charles akamfuata mwaka uliofuata. Nyumba ikabaki bila wale wawili ambao dunia iliwajua.

Nani alibaki? Kwa dunia ilikuwa kama vile hakubaki mtu. Baadaye Msafiri akaibuka, akafanya Uhamiaji na prodyuza Sam Jones, ikatoka na Soundway ya London. Albamu nzuri, inachezeka, ina giza lake. Lakini urithi ulikuwa umepita njia ya kawaida: baba kwa mwana.

Wanawake wakati wote huo walikuwa wapi? Walikuwa palepale, jukwaani. Wakiitikia, wakicheza, wakibeba ile migawanyo ya sauti ambayo bila hiyo muziki wa Kigogo unabaki mifupa. Na kuna jambo ambalo ile hadithi fupi inaliruka kabisa: muheme. Muheme ni ngoma nyembamba kiunoni, inashikwa katikati ya mapaja ikapigwa kwa mikono, na kwa Wagogo ni ngoma ya wanawake. Ina uhusiano na unyago, na wapigaji wake ni akina mama. Yaani katika jamii hiyohiyo tunayoambiwa iliwakataza wanawake muziki, kuna ngoma kali kuliko zote na mwenye nayo ni mwanamke.

Kwa hiyo lililokuwepo lilikuwa mgawanyo. Wanawake walikuwa na ngoma yao na sehemu yao ya wimbo. Zeze na ilimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, na kuanzisha wimbo mbele ya watu vilevile. Muziki ulipobaki kijijini, mgawanyo huo ulikuwa na mantiki yake: kila mtu anajua nani anafanya nini, na hakuna anayehitaji kuandikwa. Mambo yaliharibika ulipoingia kwenye jalada. Jalada halina nafasi ya watu 15. Linataka jina moja, uso mmoja. Na likachukua jina la anayeshika zeze.

Hili ndilo naliona kuwa kiini cha habari yote. Mila iliwapa wanawake wa Zawose kiti cha nyuma, lakini ni biashara ya santuri iliyozima taa huko nyuma.

Maisha ilirekodiwa Bagamoyo, nyumbani kwao, na hilo si jambo dogo. Badala ya wao kusafirishwa mpaka studio ya Wiltshire, maprodyuza wawili Waingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, ndio waliofunga safari. Unaweza kubeza ukasema ni yaleyale, wazungu wamekuja na maikrofoni. Ila sikiliza tofauti. Anayekwenda studio ya mwenzake huenda na kile alichoweza kubeba, na masaa ni ya mwenye nyumba. Anayerekodiwa kwake ana majirani, ana ndugu wa kuitikia, ana ala nyingine chumbani. Pendo na Leah hawakuja kuazimwa sauti. Walitunga, wakaanzisha nyimbo, wakashika na zile ala ambazo mama zao hawakuwa wakizishika mbele za watu.

Na unasikia. Nyimbo ni za Kigogo na Kiswahili, na mara nyingi sauti ndizo zinazokuja mbele, mbili zikifuatana kama watu wanaopokezana mzigo. Halafu ilimba inajitokeza na ule mvumo wake. Mashine zipo, besi ya sinthesaiza ipo, sauti za kompyuta zipo, lakini zimewekwa chini, kama zulia. Kwenye Assembly nilikuwa namsaka Hukwe ndani ya vyombo. Hapa ni vyombo vinavyowasaka hawa wawili. Pale muheme inapoingia, huhitaji kujua lolote kuhusu Dodoma. Mabega yanajibu yenyewe. Nilimchezea mama mmoja jirani, mtu wa ngoma za arusini, akasikiliza akiwa anachambua mchicha. Hakuniuliza ni kabila gani. Aliuliza kama hao ni ndugu, manake, kwa maoni yake, watu baki hawaimbi hivyo.

Ilivyopokelewa nje ni vizuri sana. Wahakiki wa Uingereza na Ulaya waliisifu, na wawili hao wamekuwa wakipanda majukwaa ya matamasha huko. Huku kwetu? Sijawahi kuisikia kwenye matatu hata moja toka Ukunda mpaka Likoni. Matatu zina Bongo Fleva, zina Arbantone, zina dansi ya Kongo kwa madereva wa makamo. Simlaumu dereva. Muziki huu haukuletwa kwake. Uliandaliwa kwa soko lililobuniwa kwenye baa ya London, na soko hilo halina kituo Ukunda. Albamu ya watoto wa pwani, siku moja ya barabara toka hapa ukipita Lungalunga na Tanga, inatufikia baada ya kuzunguka Ulaya kwanza.

Mtu anaweza kusema basi ndivyo ilivyo kwa wanawake na muziki Afrika Mashariki. La hasha. Mwaka 1928, Siti binti Saad alipanda meli Zanzibar na kikundi chake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Mwanamke wa shamba, mtoto wa watumwa, na santuri ziliuzwa kwa jina lake pwani nzima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Karibu miaka 100 kabla ya Maisha! Mombasa ilikuwa na Zuhura Swaleh, jina lake likitangulia, bendi nyuma. Kwa hiyo pwani ilishajua kuandika jina la mwanamke kwenye santuri. Tofauti ni kwamba taarabu ilikuwa muziki wa mjini, wa mtu na sifa zake. Ngoma ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo, ya kabila, ya taifa. Na kitu kikiwa cha wote, wa kwanza kusahauliwa ni yule anayekifanya kila siku.

Hapa ndipo narudi Kwale.

Wadigo tuna sengenya: ngoma kadhaa za ukubwa mbalimbali, upatu, nzumari inayolia juu ya zote. Kuna kayamba, na mikono ya akina mama inayoitikisa mpaka usiku wa manane. Watu wengi wa umri wangu tumeiona sengenya mahali pawili tu: matangani au arusini kijijini, na hotelini Diani. Hotelini inaitwa usiku wa Kiafrika. Wachezaji wanaingia baada ya chakula, wanacheza kama nusu saa kando ya bwawa, wageni wanapiga picha, msimamizi wa burudani anasema tuwapigie makofi "wachezaji wetu wa kienyeji." Hakuna jina linalotajwa. La kikundi likitajwa, tushukuru.

Tena tuna mfano wetu wa kile kinachotokea jina likipotea. Jambo Bwana, wimbo ambao kila mtalii aliyewahi kukanyaga Diani ameimbiwa, una mwenyewe. Uliandikwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa hapa pwani, ukatoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakawa na toleo lao Ujerumani. Baada ya hapo umeimbwa na kila mtu, na leo nenda ufukweni umuulize beach boy nani aliutunga: atakwambia ni wimbo wa zamani tu, wa mababu. Wimbo wa 1982! Bendi ilikuwa hai, mtunzi anajulikana, na bado ukageuzwa kuwa wa asili. Kama hilo linaweza kumpata mtu mwenye santuri iliyochapishwa, fikiria mama wa kayamba ambaye hakuwahi kuingia studio.

Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka kaunti ziweke rejista, jamii zitambuliwe kama wenye mali, na anayetaka kuitumia kwa biashara aombe idhini. Ni sheria nzuri kuisoma. Lakini ona kitu kimoja: mwenye mali ndani yake ni jamii. Jamii ya Wadigo inaweza kuandikishwa sengenya na bado yule mama anayeanzisha wimbo, yule ambaye bila yeye wengine hawajui waingilie wapi, asiandikwe popote. Tutakuwa tumeilinda ngoma dhidi ya mgeni huku tumempoteza mwanamuziki wetu wenyewe.

Ndiyo maana Maisha ina uzito kwangu kuliko sifa za magazeti ya nje. Haikuvunja ukoo. Jina la Zawose bado liko pale, la babu. Ala ni zilezile, kuitikiana ni kulekule. Walichofanya Pendo na Leah ni kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwa cha ukoo na bado kikawa na aliyekitunga, aliyekipiga, aliyekiimba. Hayo mawili hayagombani. Tuliambiwa yanagombana kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mwenye jalada, na baadaye rahisi kwa mwenye hoteli.

Siku hizi nikienda kwenye ngoma naandika majina kwenye simu. Nani alianzisha, nani alipiga chapuo, nani alitoa maneno mapya palepale. Akina mama wananicheka, wananiuliza kama nimetumwa na serikali. Halafu wanayataja, moja baada ya jingine, na la mama zao na la bibi zao, na orodha inakuwa ndefu kuliko jalada lolote nililowahi kuliona.